Barua ya Mchungaji na Lango la Kiganjo

Tangazo la usajili wa makurutu wa polisi likitoka tu, ofisi yangu ndogo kando ya kanisa hujaa vijana. Kuna waliotoka Karatina, kuna waliotoka Othaya, na wengine wamepanda matatu ya alfajiri kutoka Naro Moru. Wote wanataka barua: niandike kwamba huyu ni mshirika mwaminifu, ameimba kwaya, amepitia kikosi cha vijana cha Boys' Brigade katika kanisa la PCEA, hanywi wala havuti. Nawaandikia, maana ni kweli. Kisha nawaketisha na kuwaambia jambo ambalo wazazi wao hawapendi kulisikia. Barua hii haitakuongezea urefu wala haitakukimbilia mbio, na kule Kiganjo hakuna chuo cha polisi wa Kikristo.

Ukaribu ndio unaotudanganya. Kutoka mjini Nyeri hadi Kiganjo ni mwendo mfupi wa matatu, na watu wa hapa wamekizoea chuo kile kama wanavyozoea soko lao. Lakini ni chuo cha taifa. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema Kenya haina dini ya taifa, na kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri na ibada. Polisi wana makasisi wao na maimamu wao, na kurutu anayetaka kusali hapokonywi imani yake langoni. Ila atalala chumba kimoja na Muislamu kutoka Garissa na kijana asiye na dini yoyote, na wote watatu wataamshwa na filimbi ile ile gizani, katika baridi ya Mlima Kenya.

Masharti yenyewe si siri. Katika usajili wa tarehe 17 Novemba 2025, ambapo makurutu 10,000 walitafutwa nchi nzima, mwombaji alitakiwa awe raia wa Kenya, umri miaka 18 hadi 28, mwenye angalau wastani wa D+ katika mtihani wa KCSE, afya njema na rekodi isiyo na uhalifu. Alitakiwa pia kubeba kitambulisho na vyeti halisi pamoja na nakala zake. Nimeona kijana akirudishwa nyumbani kabla hajapimwa chochote kwa sababu jina la cheti cha kuzaliwa halikulingana na la kitambulisho. Herufi moja tu. Kosa kama hilo hurekebishwa miezi kadhaa mapema. Usiku wa kuamkia usajili umechelewa.

Uwanjani, Ruring'u au kwingineko, wanapanga mistari. Unavua viatu, unapimwa urefu, unatazamwa nyayo, magoti na macho. Kisha unaambiwa fungua kinywa. Hapa ndipo wazazi wengi hushangaa, kwani mwana wao mwenye kifua kipana hutolewa mstarini kwa sababu ya pengo la meno. Kwa hiyo kijana akinijia akiwa na miaka 17, simuulizi kwanza aya anazozijua kwa moyo. Namuuliza mara ya mwisho alimwona daktari wa meno lini.

Mbio nazo zina siku zake, wala hazizoeleki kwa wiki mbili. Mwili unataka miezi. Bahati yetu ni mahali tunapoishi: mji wa Nyeri uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na vilima havihitaji kiingilio. Kipchoge Keino alikuwa polisi na mkufunzi wa mazoezi ya viungo pale pale Kiganjo, kabla na baada ya dunia kumjua kwa dhahabu yake ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Waliopita Brigade wana nafuu kidogo, kwani mguu wao umekwisha kuzoea gwaride. Uhusiano huo wa vikundi vya vijana na polisi si mgeni mjini kwetu. Baden-Powell, aliyezikwa Nyeri mwaka 1941, alianzisha kikosi cha polisi huko Afrika Kusini mwaka 1900, miaka saba kabla ya kuanzisha skauti.

Sasa nije kwa linaloniuma. Kila msimu wa usajili, nyumba fulani huuza ng'ombe, nyingine hukopa kwa chama au huweka hati ya shamba rehani. Mtu fulani anamjua mtu fulani, na pesa zinapelekwa usiku. Wanaopeleka ni washirika wetu, na Jumapili tunaimba nao. Usajili ni bure, na tangazo husema hivyo kila mara, lakini hofu ya mzazi haisomi tangazo. Mwaka 2014 usajili wa makurutu 10,000 ulifutwa na Mahakama Kuu kwa sababu ya ufisadi na dosari nyinginezo, baada ya mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, kwenda mahakamani. Mahakama ya Rufani ikakubaliana na uamuzi huo Mei 2015. Aliyehonga na asiyehonga wakabaki nyumbani pamoja. Mimi huwafikiria zaidi wale wa pili, waliopita kwa miguu yao wenyewe kisha wakapoteza nafasi kwa dhambi ya jirani. Kanisa linaloombea watahiniwa bila kugusa habari ya pesa hizo linajua linaloficha.

Kuna swali jingine ambalo fomu haiulizi. Msichana mmoja wa Mukurwe-ini alikuja kwangu na nyanya yake. Nyanya alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hajawahi kumpenda askari. Alikuwa mtoto Oktoba 1956, kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alipopigwa risasi na askari wa kikabila, watu wa huku huku, akakamatwa. Akamgeukia mjukuu wake: "Mwanangu, wakikuambia upige, utapiga?" Msichana alinitazama mimi. Tangu Juni 2024, vijana wa rika lake walipouawa na polisi katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, swali hilo si la wazee peke yao.

Sikumjibu kwa mahubiri. Nilimtolea Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 tukafungua Jedwali la Sita. Linasema polisi aanze na njia zisizo za nguvu, na nguvu ikilazimu ilingane na lengo lake, uzito wa kosa na ukaidi wa anayekabiliwa. Linasema pia wazi kwamba kuamriwa na mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu isivyo halali. Alinakili sentensi hiyo kwa kalamu ya bluu ndani ya jalada la nyuma la Biblia yake. Nyanya akamwomba amsomee tena kwa Kikuyu, polepole. Kijana wa kanisa anayeomba kazi hii ajue mambo hayo kabla ya kufika langoni, kwa sababu atafundishwa kutii mchana kutwa kwa miezi mingi, na ni vyema awe na jibu lake mapema kuhusu mahali utii unapokoma.

Yule msichana alichaguliwa. Alipofika chuoni alipimwa upya kama wote, maana barua ya mwito si mwisho wa safari, na wapo wanaorudishwa siku hiyo na masanduku yao. Jumapili iliyotangulia, kanisa lilikuwa limewaita mbele waliochaguliwa, watatu, wakawekewa mikono. Ndugu yake pacha alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Yeye alitolewa mstarini kwa sababu ya urefu. Niliomba kipaza sauti, nikawaita na wale ambao hawakuchaguliwa: kumi na wawili walisimama, tukawaombea kwa majina.