Kipindi Kisicho na Mwenyewe

Stadi za Maisha zilipoingizwa katika mtaala wa Kenya mwaka 2008, zilipewa kile ambacho masomo mengi madogo hukililia: kipindi chao wenyewe kwenye ratiba, mara moja kwa wiki. Taasisi ya Elimu ya Kenya, ambayo leo ni Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), iliandaa silabasi na miongozo ya walimu. Haja ilikuwa wazi. Ukimwi ulikuwa umetangazwa janga la kitaifa mwaka 1999, na mwaka 2001 moto wa kuwashwa makusudi katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67. Nchi ilitaka vijana wajue kukabili hasira, kukataa shinikizo la wenzao na kuamua mambo kwa akili zao.

Somo lilinyimwa kitu kimoja tu, nacho ni mtihani.

Yeyote aliyewahi kukaa katika chumba cha walimu anajua yaliyofuata. Mwalimu wa Hesabu hajamaliza silabasi ya kidato cha nne na muhula wa pili unayoyoma. Akitazama ratiba anaona dakika 40 za bure. Anamwomba mwenzake, ambaye alitwishwa Stadi za Maisha kwa sababu tu vipindi vyake vilikuwa vichache, na mwenzake anampa kwa moyo mkunjufu. Wanafunzi nao hawanung'uniki, maana wanajua mtihani wa mwisho wa sekondari, KCSE, hautawauliza lolote kuhusu kujitambua. Ratiba ukutani inaonyesha kipindi kipo, rekodi ya kazi inaonyesha kimefundishwa. Afisa wa elimu akifika, karatasi zimetimia. Mimi simlaumu yule wa Hesabu. Shule yake hupimwa kwa wastani wa gredi, na mzazi anayetafuta nafasi ya mwanawe haulizi kitu kingine.

Kinachonisumbua zaidi ni mbinu za kusoma, kwa kuwa hapo ndipo somo hili lingeweza kujipenyeza bila kugombana na mtihani. Mwanafunzi wa kidato cha nne huambiwa asome kwa bidii tangu gwaride la asubuhi hadi mahubiri ya Jumapili. Namna ya kusoma haambiwi. Akiachwa na prepu yake, anafungua daftari lile lile, analipitia mara ya tatu, anapiga mistari ya rangi chini ya kila sentensi, na kwa kuwa maneno sasa anayatambua, anaamini ameyajua. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Marekani, walionyesha jinsi imani hiyo inavyodanganya. Wanafunzi waliorudia kusoma makala walijiona wameiva kuliko wale waliofunga karatasi na kujaribu kuikumbuka. Baada ya wiki moja, waliojihoji ndio waliokumbuka zaidi. Kufunga daftari na kuandika unachokikumbuka hakuhitaji bajeti wala mgeni wa heshima. Vipindi viwili vya kulifundisha jambo hilo na kulifanyia mazoezi vingemfaa hata mwalimu wa Hesabu.

Na usingizi je? Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinampa mwanafunzi wa bweni muda wa kulala kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Pita karibu na shule ya bweni saa kumi na moja alfajiri uone taa za madarasa.

Tanzania kuna jaribio la kufundisha stadi hizi kwa namna nyingine. Shirika la Camfed huwatumia wasichana waliohitimu sekondari, ambao hurudi katika shule za kwao kuongoza vipindi vya stadi za maisha na kumfuatilia binti aliyeacha kuja. Kwa malipo hupata mafunzo yenye cheti na nafasi ya kukopa mtaji usio na riba ya fedha. Riba yao ni muda wanaojitolea shuleni. Hapa kuna mtu anayejulikana kwa jina, anayeulizwa asipotokea. Udhaifu wa jaribio hili ni kwamba mtu huyo hutoka nje ya mfumo, na mfadhili akiondoka sina hakika ni nani atakayemrithi.

Ripoti za miradi ya aina hii huhesabu walimu waliohudhuria semina na vitabu vilivyogawiwa. Ndiyo maana nilivutiwa na tathmini ya stadi za maisha iitwayo ALiVE ya mwaka 2022, iliyowafuata zaidi ya vijana 45,000 wa miaka 13 hadi 17 majumbani mwao Kenya, Tanzania na Uganda, ikawapa mambo ya kutatua na kufanya kwa pamoja. Ilimpima kijana mwenyewe.

Kenya ilipopunguza masomo ya sekondari ya chini kutoka 14 hadi 9 mwaka 2024, Stadi za Maisha zilimezwa na Maarifa ya Jamii. Wapo waliosikitika. Mimi naona kilichozikwa kilikuwa kimekufa zamani. Swali la nani mwenye kipindi sasa limehamia sekondari pevu, iliyoanza na Gredi ya 10 Januari 2026, ambako mwanafunzi anachagua mkondo wa masomo na kila mmoja anapaswa kujifunza kwa kuhudumia jamii yake. Makaratasi ya mpango huo ni mazuri, kama yalivyokuwa ya 2008. Nikiruhusiwa kukagua shule moja tu, sitaomba silabasi. Nitaomba mzigo wa vipindi wa mwalimu aliyekabidhiwa kazi hiyo, nione kama alipopewa, kuna kitu alichopunguziwa, au ameongezewa tu juu ya vipindi 28 vya Kemia na Baiolojia.