Martin de Porres, Mwuguzi wa Lima

Nataka kuwaeleza kwa ufupi habari za Martin de Porres, aliyezaliwa mwaka 1579 mjini Lima, Peru. Baba yake alikuwa Mhispania mwungwana. Mama yake alikuwa mwanamke mweusi aliyeachwa huru kutoka utumwani.

Katika ujana wake alifundishwa ukinyozi. Msicheke: siku zile kinyozi aliumika watu, akafunga vidonda na kutengeneza dawa. Alipokwenda kwa watawa Wadominiko, sheria ilimkataza mtu wa asili ya Kiafrika kuwa mtawa kamili. Basi akapokewa kama mtumishi, akafagia na kufua. Baadaye alikabidhiwa chumba cha wagonjwa, akauguza mabwana na watumwa kwa mikono ile ile.

Alikufa tarehe 3 Novemba 1639. Mwaka 1962 Baba Mtakatifu Yohane XXIII alimtangaza kuwa Mtakatifu.

Katika picha nyingi huchorwa ameshika ufagio. Mwanafunzi aonaye haya kufagia bweni na aitazame picha hiyo, kwani wazee wetu walisema, mchagua jembe si mkulima.