Historia ya Ukoo Kando ya Mto Sio

Historia za koo za Busia na Tororo hazikai katika faili moja. Mwaka 1902 Waingereza waliumega mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuingiza katika himaya ya Afrika Mashariki, ndiyo Kenya ya leo, na sehemu kubwa ya mpaka mpya ikafuata mito kama Sio na Malaba. Wasamia wakajikuta pande zote mbili, na Wateso vivyo hivyo. Tangu hapo watoto wa babu mmoja wamekuwa na vyeti vya nchi mbili, wakisoma shule za mitaala miwili na kulipa kodi kwa serikali mbili, huku wakizikana na kuozana kama zamani.

Nyumba inayojulikana zaidi kwa hali hiyo ni ya Jeremiah Awori, kasisi wa Kianglikana. Mwanawe Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hadi 2008. Mwanawe mwingine, Aggrey Awori, aliiwakilisha Uganda katika mbio za kuruka viunzi kwenye Olimpiki za miaka ya 1960, akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, na mwaka 2001 akagombea urais wa Uganda. Anayetaka kuwaona ndugu hao mezani kwa baba yao hatawapata katika kumbukumbu za bunge la Nairobi wala la Kampala. Moody Awori aliandika tawasifu yake, Riding on a Tiger, na kazi ya aina hiyo ndiyo hujaza pengo ambalo nyaraka za serikali huliacha.

Si kila ukoo una mwandishi wa vitabu, lakini kila ukoo una kumbukumbu zilizotiwa katika sanaa ya namna fulani. Ya kwanza ni majina. Kwa Waluhya wengi, Wafula na Nafula ni watoto wa msimu wa mvua, Nekesa ni wa mavuno, na Wanjala hubeba habari ya mwaka wa njaa. Opio na Odongo ni mapacha, Okello ni aliyewafuata, iwe kwa Wajopadhola wa Tororo au kwa Waluo wa Kenya. Kisha kuna jina la marehemu. Kichanga kinapolia bila kunyamaza, bibi na mashangazi hukitajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, hadi kitulie, na jina lililokituliza ndilo hubaki. Kwa desturi hiyo jina huibuka tena baada ya kizazi kimoja au viwili. Mtu akiyaandika majina ya ukoo wake kwenye karatasi kubwa, ataona yakijirudia, na mahali jina lilipokatika ghafla panastahili kuulizwa: ni kifo gani, au ni ugomvi gani, uliofanya mtu asirithiwe?

Hazina ya pili ni muziki wa matanga. Wajopadhola wana tongoli, zeze la nyuzi linalofanana na nyatiti ya Waluo. Mpiga nyatiti huketi chini karibu na ala yake ya nyuzi nane, amevaa pete ya chuma kidoleni mwa mguu, na huigonga pete hiyo kwenye ubao kuweka mapigo. Humsifu marehemu, humtaja baba yake, wajomba zake na kule alikooa. Mara mfiwa mmoja husimama, hutoa pesa na kumsimamisha mpigaji ili ajitaje mwenyewe, atamke sifa zake na za kwao, kisha muziki uendelee. Kwa usiku mmoja nasaba husemwa hadharani mbele ya watu wanaoweza kuisahihisha papo hapo. Hakuna jalada la ofisini linalokaguliwa hivyo.

Kwa Wateso, penye maelezo mengi zaidi ni chungu cha pombe ya ajon. Unga wa wimbi huchachushwa, hukaangwa, huanikwa, huchanganywa na kimea, kisha maji ya moto humiminwa chunguni na kuongezwa kila kinapopungua. Wanywaji huketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Ivan Karp, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wateso wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliandika kwa kirefu juu ya adabu za unywaji huo: nani huketi na nani, na namna heshima ya wakwe inavyowatenga watu na chungu kimoja. Mchoraji anayekichora kikao hicho kwa uaminifu huwa amechora mti wa ukoo, ingawa hakuandika jina hata moja. Ni mada bora kwa picha, na inashangaza kwamba wachoraji wa picha za kuwauzia watalii huipita na kwenda kuchora twiga.

Sauti za wazee nazo zipo, baadhi zikiwa mbali. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa makabila mengi ya nchi hiyo kati ya 1949 na 1952. Kanda zake zilikaa London kwa miongo mingi, kisha nakala zikarudishwa Chuo Kikuu cha Makerere kwa juhudi za Sylvia Nannyonga-Tamusuza, na hifadhi ya muziki ya huko ikapewa jina la Wachsmann. Hugh Tracey naye alirekodi Kenya na Uganda katika miaka hiyohiyo, na kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini.

Picha za studio hueleza mambo mengine: suti ya kuazima, redio iliyowekwa mapajani ili ionekane. Upande wa nyuma mara nyingi una thamani kuliko wa mbele, kwa kuwa ndiko kuna mwandiko, tarehe na jina la mji. Uganda kuna mradi ulioanzishwa 2011 na Andrea Stultiens na Canon Rumanzi wa kukusanya na kuchapisha picha za aina hiyo, zikiwemo za Musa Katuramu, seremala na mwalimu wa Mbarara aliyewapiga picha watu wa kwao.

Malighafi hiyo ikishakusanywa, kazi yenyewe ya kuigeuza kuwa sanaa huanzia pale masimulizi yanapogongana. Wajopadhola husimulia kwamba Adhola na Owiny walikuwa ndugu. Owiny akaendelea hadi Kenya, Adhola akabaki Tororo kwa sababu ya kidonda. Bethwell Ogot, aliyekusanya masimulizi ya Padhola kabla ya kuchapisha historia yake ya Waluo wa kusini mwaka 1967, alilinganisha simulizi za koo mbalimbali badala ya kuchagua moja iliyonoga. Msanii ana uhuru kuliko mwanahistoria, lakini akizisawazisha hitilafu zote hupoteza kilicho hai. Mchezo wa jukwaani unaweza kumpa shangazi wa Malaba toleo lake na baba mdogo wa Busia lake, wabishane mbele ya hadhira. Nyimbo za tamasha za shule, kwa kulinganisha, hufupisha mno. Dakika chache za mashindano hazitoshi ugomvi wa shamba.

Riwaya ina nafasi pana zaidi. Alex Haley alitikisa Marekani kwa Roots mwaka 1976. Nyumbani, Margaret Ogola alifuata vizazi vya familia moja ya Kiluo katika The River and the Source mwaka 1994, na Jennifer Makumbi akafanya hivyo kwa Buganda katika Kintu mwaka 2014. Kwa Kiswahili, Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuonyesha njia ya tawasifu kwa Maisha Yangu ya 1949.

Ziko pia kumbukumbu za ardhi ambazo si za ukoo wa yeyote aliye hai. Michoro ya duara na mistari ya mwamba wa Kakapel, Busia ya Kenya, wataalamu huihusisha na wawindaji wa Kitwa, na punje ya kunde iliyochimbuliwa hapo ina umri wa takriban miaka 2,300. Wateso wanaoutunza mwamba huo walikuja baadaye sana.

Limebaki suala la ruhusa. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za sanaa za kiutamaduni inataka jamii iridhie kabla nyimbo au masimulizi yake hayajatumiwa na mtu wa nje. Ndani ya ukoo hakuna sheria ya namna hiyo. Mtoto wa nje ya ndoa, mgonjwa aliyefichwa, ng'ombe wa mahari wasiolipwa: hayo huamuliwa kikaoni, na wengi huruhusu kisa kitoke mradi jina na kijiji vibadilishwe.