Mgonjwa wa Akili katika Filamu za Taharuki: Namna Huruma Inavyojengwa

Filamu ya taharuki ya kisaikolojia huhitaji kitisho, na mara nyingi kitisho hicho hutwikwa mgonjwa wa akili. Je, yawezekana mtazamaji aogope na papo hapo amwonee mgonjwa huyo huruma? Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kurejelea filamu tatu.

Ya kwanza ni M, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1931 chini ya uelekezi wa Fritz Lang. Hans Beckert, muuaji wa watoto, anasakwa na mji mzima, na hatimaye anashtakiwa mbele ya baraza la wahalifu. Hapo ndipo anapopewa kauli: yeye husukumwa na jambo asiloweza kulizuia, ilhali wanaomhukumu waliuchagua uhalifu. Hata hivyo, Lang hamtakasi, kwani filamu inafungwa kwa majonzi ya akina mama waliofiwa. Huruma si msamaha.

Katika Psycho (1960), Alfred Hitchcock anatumia mbinu nyingine. Gari lenye maiti linapokwama kidogo kabla ya kuzama kinamasini, mtazamaji hujikuta akishusha pumzi pamoja na Norman Bates. Lakini karibu na mwisho daktari anatoa maelezo marefu ya ugonjwa wake, na Norman, ambaye hadi hapo alikuwa mtu, anageuzwa kuwa mfano wa kufundishia.

Roman Polanski analiepuka kosa hilo katika Repulsion (1965). Carol, msichana wa Kibelgiji aishiye London, anaachwa peke yake dada yake anapokwenda likizo. Kuta zinapasuka, mikono inachomoza ukutani, na mtazamaji huyaona hayo kama ayaonavyo Carol. Hakuna daktari wa kufafanua. Wanaomzunguka wanauona ukimya wake, lakini kila mmoja anaufasiri apendavyo.

Hata hivyo, wahusika wote watatu ni wauaji, hali wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Ufundi wa kujenga huruma haujaukata uzi unaofungamanisha maradhi na mauaji. Huo ndio upungufu wa utanzu huu.

Kwa mhakiki wa Kiswahili, suala hili huanzia katika msamiati. Neno "kichaa" lina kiambishi ki- sawa na kipofu, kiziwi na kilema: ila ndiyo inayompa mtu jina. "Mwendawazimu" nalo lina mwangwi wa mizimu, kana kwamba maradhi ni kupagawa. "Mgonjwa wa akili" humtaja mtu kwanza, kisha linalomsibu. Mhakiki anayeandika kwamba "kichaa aliua" huwa amekwisha kutoa hukumu kabla ya uchambuzi. Yafaa basi istilahi ziteuliwe kwa uangalifu uleule tunaoudai kwa mwelekezi anapochagua mahali pa kuiweka kamera.