Nani Analifungua Faili Lako?

Wapo watu wanaoishi na VVU, Kenya na Tanzania, ambao huipita zahanati ya mtaani kwao na kupanda gari hadi mji mwingine kuchukua ARV. Dawa ni zile zile, na kote hutolewa bure. Nauli wanailipa ili wasionekane, maana pale jirani anayeita majina dirishani huenda ni shemeji au mama mwenye nyumba.

Kule mbali humweleza daktari kila kitu. Wamejichagulia tu wa kumwambia. Hospitali zikiunganishwa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta, safari hiyo inakosa maana: faili lililoandikwa mbali laweza kufunguliwa na shemeji yule yule. Watu wakisita kutoa taarifa zao, lawama hutupiwa uelewa mdogo wa teknolojia. Hoja dhaifu hiyo. Baadhi ya wanaosita wameuelewa mfumo vizuri mno.

Faida zipo, tena kubwa. Mgonjwa akiletwa hajitambui, faili la kompyuta litamwambia daktari kwamba penisilini inamdhuru, au kwamba kipimo cha damu kilishafanyika juzi na hakuna haja ya kukilipia tena.

Ila taarifa ikishakusanywa, anayeitaka si daktari peke yake. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya aliagiza maofisa wa serikali katika kaunti zote wakusanye taarifa za wanafunzi wanaoishi na VVU, walezi wao, na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha wenye virusi hivyo. Lengo lililotajwa lilikuwa kuwafikishia huduma. Shirika la kutetea haki la KELIN na wenzake walikwenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha na halikujali maslahi ya watoto. Idadi ya wagonjwa ingetosha kupanga bajeti ya dawa; majina ya nini?

Nchi tajiri nazo haziponi. Nchini Finland mdukuzi aliiba mafaili ya kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo, ya wagonjwa wapatao 33,000, yakiwa na maelezo ya yale waliyozungumza na watabibu wao faraghani. Kampuni ilipokataa kumlipa, Oktoba 2020 akawageukia wagonjwa wenyewe. Kila mmoja alitakiwa kutoa euro 200 kwa bitcoin, la sivyo siri zake zianikwe.

Ng'ambo ya bahari kutoka Finland iko Estonia, ambako faili la afya la taifa limekuwa la kielektroniki tangu 2008. Mgonjwa akiingia kwa kitambulisho chake, anaona orodha ya kila aliyelifungua faili lake na siku aliyolifungua. Muuguzi aliyechungulia bila kazi huacha alama, na mgonjwa anaweza kudai maelezo. Sheria inamruhusu pia kuwafungia madaktari sehemu ya faili hilo au lote.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, Kenya yake ni ya 2019, na zote mbili zinaziwekea taarifa za afya ulinzi wa ziada. Anayetaka kuzipima sheria hizo aanzie dirisha la mapokezi: aombe aonyeshwe nani amelifungua faili lake.