Barua kwa Polisi ni Haki Yako

Nawaandikia watu barua hapa Mombasa. Anayetaka rekodi ya polisi namuuliza kwanza: nambari ya OB, daftari la matukio la polisi, iko wapi? Bila nambari hiyo na tarehe, askari atapekua daftari bure.

Raia, haki ya kupata rekodi hiyo unapewa na Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika kwa Kiswahili. Hulazimiki kutoa sababu. Kuomba hakulipiwi, ila gharama ya nakala. Uamuzi utolewe ndani ya siku 21, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Ukinyimwa, una siku 30 kupeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman.

Usiondoke kituoni kabla nakala yako ya barua haijapigwa muhuri wa kupokelewa.