Tiba ya Mionzi ya Jicho: Kipi Kilindwe Kwanza?

Lenzi ya jicho ni miongoni mwa sehemu za mwili zinazodhurika kwa urahisi zaidi na mionzi. Tangu 2011, Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi inahesabu kwamba Grei 0.5 tu zinatosha kuanzisha ukungu ndani yake. Grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na tishu. Neva ya jicho, ile inayopeleka picha kwenye ubongo, huvumilia takriban mara 100 ya kiasi hicho kabla hatari haijapanda sana. Mtu angetarajia basi kwamba daktari anayetibu saratani ya jicho kwa mionzi ataanza kulinda lenzi, kisha neva. Mara nyingi hufanya kinyume. Lenzi ikiingia ukungu, huo ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji wa kawaida na mgonjwa akawekewa lenzi ya bandia. Neva ikifa haina mbadala.

Ukishalielewa hilo, mengi katika tiba hii yanakuwa wazi. Kulinda tishu nzima za jicho hakumaanishi kuziepusha zote na mionzi, kwa sababu haiwezekani. Maana yake ni kuamua mapema ni tishu ipi italipa gharama ya kuua saratani, na kuhakikisha kwamba inayolipa ni ile inayoweza kutengenezwa.

Saratani yenyewe kwa watu wazima ni melanoma, inayoota hasa kwenye koroidi, tabaka la mishipa ya damu lililo nyuma ya retina. Ni ugonjwa wa nadra, na huwapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya kuliko watu weusi. Kwa miaka mingi tiba yake ilikuwa moja: kuliondoa jicho. Mionzi ilipoanza kutumika ili kulibakiza jicho, wengi waliogopa kwamba wagonjwa wangelipa kwa maisha yao.

Hofu hiyo ilipimwa Marekani na Kanada katika utafiti mkubwa uliojulikana kwa kifupi kama COMS. Wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa ukubwa wa kati waligawanywa kwa kura: kundi moja likaondolewa jicho, jingine likawekewa mionzi ya iodini-125. Matokeo yalichapishwa 2001. Baada ya miaka 5, waliofariki walikuwa asilimia 19 katika kundi la kwanza na asilimia 18 katika la pili. Hapakuwa na tofauti ya maana. Melanoma hii inapoua, kwa kawaida huua ikiwa imeshafika kwenye ini, na mbegu zake huenda zilishatoka jichoni kabla mgonjwa hajamwona daktari.

Swali la uhai likapata jibu, lakini likabaki la kuona. Katika utafiti huohuo, miaka 3 baada ya mionzi, asilimia 43 ya macho yaliyotibiwa yalikuwa na uoni wa 6/60 au chini yake. Kwa kipimo hicho, mtu husogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho jicho zima hukiona kutoka mita 60. Jicho lilibaki, lakini mara nyingi halikuwa na kazi kubwa tena. Waliodhurika zaidi walikuwa wenye uvimbe mnene, wenye uvimbe ulio karibu na kitovu cha retina, na wenye kisukari.

Ugumu unatokana na ufinyu wa nafasi. Jicho la mtu mzima lina kipenyo cha milimita 24 hivi. Ndani yake, sehemu ya retina inayotuwezesha kusoma na kutambua nyuso, yaani makula, ina upana wa milimita 5 na kidogo. Kutoka kitovu chake hadi pale neva inapotokea ni kama milimita 4. Daktari, kwa upande wake, hawezi kulenga uvimbe peke yake, kwani seli za pembeni zikisalia saratani itarudi. Kwa hiyo huongeza ukingo wa milimita 2 hivi kuuzunguka. Milimita hizo mbili peke yake zinaweza kumeza nusu ya nafasi iliyopo kati ya kusoma na kutosoma.

Njia ya kwanza ya kulinda ni kuisogeza mionzi karibu na uvimbe. Kisahani chenye madini ya mionzi hushonwa nje ya ukuta mweupe wa jicho, nyuma ya uvimbe, kikakaa kwa siku kadhaa kisha kikatolewa. Kwa kuwa kimeshonwa, hutembea pamoja na jicho. Mgonjwa akitazama kushoto au kulia, kisahani hakiachi mahali pake. Tena mionzi hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali na chanzo, kama jiko la mkaa: aliyeligusa anaungua, aliyekaa hatua tatu nyuma anaota moto tu.

Hata hivyo, ukaribu bila kizuizi hautoshi. Mjini London, katikati ya karne ya 20, Hyla Stallard, daktari wa macho aliyewahi kupata medali ya shaba ya mita 1,500 katika Olimpiki ya Paris ya 1924, alitumia visahani vya kobalti-60. Miale ya kobalti ina nguvu mno, na bati jembamba haliwezi kuizuia. Iliua uvimbe, ikavuka jicho zima, na kwa upande wa nyuma ikaingia kwenye tundu la jicho na mfupa. Iodini-125 ilileta nafuu kwa sababu ya udhaifu wake: miale yake ina nguvu ndogo kuliko ya kobalti kwa zaidi ya mara 40. Kisahani cha dhahabu chenye unene wa nusu milimita huizuia karibu yote isirudi nyuma, na tundu la jicho likasalimika. Huko Berlin Mashariki, Peter Lommatzsch alichukua njia nyingine katika miaka ya 1960 kwa kutumia rutheniamu-106, ambayo chembe zake hupenya milimita chache tu kisha zikaisha. Upande wa pili wa jicho hupona, lakini uvimbe wenye unene wa kupita milimita 5 au 6 huwa umeizidi uwezo.

Hapo ndipo unene wa uvimbe unapoonyesha uzito wake. Dozi huhesabiwa kwenye kilele cha uvimbe, mbali kabisa na kisahani. Katika COMS kilele kilipaswa kupata Grei 85. Ili kilele kipate kiasi hicho, kitako lazima kipate zaidi sana, na uvimbe ukiwa mrefu ukuta wa jicho hupokea mamia ya Grei. Ukuta huo huvumilia. Retina iliyo jirani haivumilii, kwa kuwa mishipa yake huanza kuharibika ikipata kama Grei 45 au 50. Na uvimbe ukigusa neva, kisahani huchongwa pengo pembeni. Pengo hilo haliikingi neva. Linakisaidia kisahani kuikumbatia ili ukingo wa uvimbe ufunikwe. Hapo daktari ameshaamua kwamba saratani isiporudi, hasara ya neva inakubalika.

Njia ya pili ni protoni. Mwale wa kawaida hutoa nguvu yake njia nzima, lakini protoni huhifadhi sehemu kubwa ya nguvu zake hadi mwisho wa safari, ikazimwaga na kusimama. Mwanafizikia Robert Wilson aliieleza faida hiyo kwa tiba mwaka 1946. Mwaka 1975, Evangelos Gragoudas na wenzake wa Boston walianza kuitumia kwa melanoma ya jicho katika maabara ya Harvard. Dozi waliyoizoea ikawa Grei 70 katika vikao 5. Jicho halihitaji mashine kubwa sana, kwani protoni za nguvu ya kama elektronivolti milioni 60 hufika kina cha sentimita 3 hivi, na hicho kinatosha. Kituo cha Clatterbridge nchini Uingereza kinafanya kazi hiyo tangu 1989.

Kabla ya tiba, daktari wa upasuaji hushona vipete vidogo vya tantalamu kwenye ukuta wa jicho kuuzunguka uvimbe, ili picha za eksrei zionyeshe mahali pake. Kichwa hufungwa kisisogee, kope huvutwa nje ya njia ya mwale, na mgonjwa huambiwa akazie macho taa ndogo. Mahali pa taa hiyo pamepangwa. Jicho likigeuzwa nyuzi chache, lenzi huondoka njiani, au neva husogea kando. Kamera hulifuatilia jicho, na likihama mwale hukatwa. Kinga kubwa hapa ni upande anaotazama mgonjwa mwenyewe.

Kuna kundi moja ambalo hesabu yake ni tofauti kabisa, na ndilo linalotuhusu zaidi Afrika Mashariki: watoto wenye retinoblastoma, saratani ya retina ambayo mara nyingi hujitokeza kama mng'ao mweupe katika mboni kabla ya umri wa miaka 5. Wengine huzaliwa na kasoro katika jeni ya RB1. Hao wakipigwa mionzi kutoka nje, mifupa ya uso hudumaa, na hatari ya kupata saratani nyingine miaka mingi baadaye huongezeka, hasa wakitibiwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 madaktari huanza na dawa za saratani, na mionzi ya nje ikawa ya mwisho kufikiriwa. Kwa mtoto, kinachowekwa kwenye mizani ni maisha yote yaliyo mbele yake.

Kwa mtu mzima, kazi haiishi mionzi inapokwisha. Madhara kwenye mishipa midogo ya retina hujitokeza baada ya miezi, mara nyingi kati ya miezi 6 na miaka 3: mishipa huvuja, makula huvimba, sehemu nyingine hukosa damu. Sindano za dawa kama bevacizumab ndani ya jicho zinaweza kupunguza uvimbe huo wa makula. Hazifufui seli zilizokwisha kufa, na kwa hiyo kliniki ya marudio ni sehemu ya kinga sawa na kisahani cha dhahabu.

Basi mgonjwa anayeambiwa kwamba jicho lake litapona ana haki ya kuuliza zaidi. Uvimbe wangu una unene gani? Uko milimita ngapi kutoka makula, na ngapi kutoka neva? Umepanga tishu ipi ipokee mionzi zaidi, na ikiharibika utanifanyia nini? Majibu ya maswali hayo hutabiri uoni wake vizuri kuliko jina la mashine. Uvimbe ulio mbali na makula na neva unaweza kutibiwa kwa njia yoyote kati ya hizi na mtu akaendelea kusoma. Uliokaa juu ya makula utaichukua hata kwa protoni. Mgonjwa akijua hayo kabla ya kusaini fomu, anakubali tiba akiwa anaijua bei yake.